Hasira ya Marlys Tveit na pikapu zinazozidiwa na matrela

Upepo unapiga kibanda cha mabati ubavuni, na Marlys Tveit amepiga magoti kwenye changarawe, kichwa amekiingiza katika mlango wa dereva wa pikapu ya kijivu. Haangalii usukani wala viti vya ngozi. Anasoma kibandiko kidogo kilicho kwenye fremu ya mlango, kile ambacho wenye magari wengi huishi nacho miaka bila kukitupia jicho.

Anasimama, anakung'uta magoti, anamgeukia mwenye gari, mstaafu aliyevaa kofia pana.

"Nani kakwambia hii itavuta trela lile?"

"Muuzaji."

"Yupi? Wa gari au wa trela?"

"Wote wawili."

"Basi wamekudanganya wote wawili, kwa sauti moja, kama kwaya."

Mstaafu anacheka. Marlys anairusha spana ndani ya ndoo, inalia kwa kishindo, na mbwa wa jirani anaanza kubweka.

"Unacheka nini, mzee? Mkeo ndiye atakayekaa humo ndani." Anamnyooshea kidole mwanamke aliyeketi kiti cha abiria. "Hebu muulize kama naye anaona kichekesho."

Mwanamke yule hacheki.

Ndivyo mambo yanavyokwenda kwa Marlys, mwenye umri wa miaka 58, kwenye kibanda chake pembezoni mwa Medlin, jimbo la Wyoming, pale mji unapokwisha na barabara ya bwawani inapoanza. Kazi yake ni kufunga ndoano za chuma nyuma ya pikapu, zile zinazoshika matrela ya kulala, vijumba vya magurudumu vya kupigia kambi bwawani, ambayo kila mtu hapa huyatoa uani theluji ikishayeyuka. Lakini katika kila gari tatu zinazokuja, moja huirudisha ilikotoka bila kuigusa.

Mjini wamempa jina. Wanamwita Bibi Hapana.

"Waniite wanavyotaka," anasema. "Hilo jina ni bora kuliko kuitwa marehemu."

Marlys alizaliwa kwenye shamba la kondoo kaskazini mwa mji, binti wa tatu kwa baba aliyetaka wavulana. Alijifunza kurudisha trela nyuma kabla ya kujifunza kusuka nywele. Alipoachika akiwa na mtoto mmoja, alipata kazi kwenye yadi kubwa ya matrela iliyo kando ya barabara kuu, na huko akakaa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuligusa trela kabla familia haijaondoka nalo.

"Fikiria hilo," anasema, akimimina kahawa nyeusi kwenye kikombe kilichomeguka mdomo. "Muuzaji anawapa mkono, anarudi ofisini kwenye kipupwe. Mimi ndiye ninayefunga mnyororo. Watoto wananipungia mkono kupitia dirisha la nyuma. Sura zao nabaki nazo mimi."

Ukitaka kumwona Marlys akiwaka, mwambie tu kwamba pikapu yako ina nguvu.

Pikapu hapa zimegawanywa kwa majina ya zamani: ya nusu tani, ya robo tatu tani na ya tani moja. Majina hayo hayasemi tena uzito halisi, ila yanaonyesha ipi ndogo na ipi kubwa. Wauzaji hutangaza kilo ambazo gari linaweza kuvuta, na idadi hiyo siku zote ni kubwa, ya kumfanya mwanamume avimbe kifua. Kilo ambazo gari linaweza kubeba hawazitaji, maana hizo ni chache na zipo kwenye kile kibandiko cha mlangoni.

"Farasi anaweza kuvuta gogo ambalo hawezi kulibeba mgongoni," anasema Marlys. "Kila mtu hapa anajua hilo kuhusu farasi. Akipanda pikapu analisahau."

Trela la kulala haliburuzwi tu. Ulimi wake, yaani ile nguzo ya mbele, hukandamiza mkia wa gari. Juu ya uzito huo unaongezeka wa baba, mama, watoto, mbwa, jenereta, kuni na sanduku la barafu. Mkia unadidimia, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani unaanza kucheza mkononi. Hapo upepo wa Wyoming ukija ubavuni, dereva si dereva tena.

Hayo ndiyo aliyomwambia Wade Pruett, miaka miwili iliyopita, mwezi wa Mei.

Wade ni mchomeleaji wa mabomba ya gesi, mtu mwenye mikono mipana na sauti ya kusikika ng'ambo ya uwanja. Alifika yadini na mkewe, Renae, na binti zao wawili. Pikapu yao ilikuwa ya nusu tani, mpya, nyekundu. Muuzaji, kijana mmoja aitwaye Trent Ruskin, alikuwa amewauzia trela refu lenye vitanda vya ghorofa kwa ajili ya wasichana. Likijazwa maji na mizigo lilikuwa karibu tani tatu na nusu.

Marlys alifungua mlango wa pikapu, akasoma kibandiko. Kilo mia sita na ishirini na kitu. Akawatazama wale wanne, akamtazama na mbwa wao, akalitazama trela.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?" akauliza Wade.

"Sifungi. Ulimi peke yake utakula zaidi ya kilo mia nne. Ukiingia wewe, mkeo, watoto na huyo mbwa, umeshapita. Na bado hamjapakia hata soksi."

Renae, aliyekuwa amemshika mtoto mdogo mkono, akauliza swali ambalo Marlys anasema ndilo pekee la maana aliloulizwa siku ile. "Kwa hiyo mama, tungehitaji gari gani?"

"Ya robo tatu tani kwa trela hili. Au mbaki na hii, mchukue trela nusu ya hilo."

Trent akatoka ofisini mbio, tabasamu limemtangulia. "Msimsikilize bibi yetu. Yeye akiona upepo anaona jeneza. Gari hili linavuta tani nne na nusu, ndivyo kiwanda kinavyosema. Mnabakiwa na tani nzima ya kuchezea!"

Wade akacheka. "Mama, mimi nimevuta mashine za kuchomelea tangu nina miaka kumi na sita."

"Mashine ya kuchomelea haina ukuta wa kushika upepo," Marlys akamjibu. "Hili ni tanga lenye magurudumu."

"Wade," Renae akasema kwa sauti ya chini, "hebu tumsikilize."

"Panda gari, mpenzi."

Marlys aliweka spana chini, akaondoka. Fundi mwingine akaitwa, akafunga. Ilipofika saa nane mchana Wade alitoka getini akipiga honi, mkia wa pikapu nyekundu umeinama na taa za mbele zikiangaza mawinguni mchana kweupe.

Walisafiri mara mbili bila tatizo. Wade akajiona ameshinda.

Safari ya tatu, mwezi wa Julai, walikuwa wanateremka kuelekea bwawani. Upepo ulikuwa mkali, lakini si wa kufungia barabara. Lori refu likawapita. Trela likavutwa upande wa lori, kisha likarudi, kisha likaenda tena, na kila likirudi lilirudi kwa nguvu zaidi. Wade alikanyaga breki. Ndivyo mtu yeyote angefanya, na ndicho kitu ambacho hakikupaswa kufanywa. Trela likaugeuza mkia wa pikapu, na vyote viwili vikapinduka hadi kwenye uzio wa malisho.

Wasichana walitoka na michubuko. Wade alivunjika mkono. Upande wa Renae ndio uliolala chini, na nyonga yake ilipondeka. Alifanyiwa upasuaji mara tatu. Mbwa alifia palepale.

Mabaki yaliletwa yadini ili watu wa bima wayaone. Marlys alikuwa anakunywa kahawa alipoyaona yakishushwa. Ukuta wa trela ulikuwa umechanika kama bahasha, na godoro la kitanda cha ghorofa lilikuwa linaning'inia nje, shuka lake la michoro ya sungura likipeperuka.

"Nilisimama pale," anasema. "Halafu Trent akaja akasimama kando yangu. Akasema, 'Upepo tu huu. Bahati mbaya.'"

Anapofika hapa kwenye simulizi, Marlys huanza kutembea ndani ya kibanda.

"Bahati mbaya! Mtu aliyesoma kibandiko na mtu aliyekataa kukisoma, wote unawaita wana bahati mbaya?"

Siku ile yadini, karibu yake palikuwa na tufe la chuma, lile ambalo trela hukaa juu yake. Alilinyanyua, akalirusha kwenye dirisha la ofisi. Kioo chote kikashuka.

Alifukuzwa kazi papo hapo.

"Kuna watu wanataka niseme najuta," anasema. "Najuta jambo moja. Ofisi ile ilikuwa na madirisha mawili."

Nilimtafuta Trent Ruskin, ambaye bado anauza matrela. Hakukwepa. Alizungumza akiwa amesimama, mikono mfukoni.

"Wateja wangu ni watu wazima," alisema. "Mimi nasema kilichoandikwa na kiwanda. Nikianza kumwambia kila mtu kwamba gari lake ni dogo, ataenda yadi ya mji wa pili, atanunua trela lilelile. Mimi nitakuwa nimefanya nini? Nitakuwa nimekosa mauzo, na yeye atapinduka vilevile."

Nilimpelekea Marlys maneno hayo.

"Sehemu ya mwisho ni kweli," akasema. "Ndiyo inayonikera zaidi."

Lakini aliyemuumiza zaidi hakuwa Trent. Vuli ya mwaka ule, Marlys alikutana na Wade Pruett kwenye duka la vyakula, mbele ya rafu ya mikate. Mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta. Wade alimsogelea hadi karibu, watu wakasimamisha vikapu vyao.

"Ulijua!" Wade akapaza sauti. "Ulijua na ukatuacha tuondoke!"

"Nilikwambia!" Marlys naye akapaza. "Nilikwambia mbele ya mkeo, mbele ya wanao!"

"Ungenilazimisha!"

"Kwa kitu gani? Kwa bunduki? Ulinicheka, Wade! Ulinicheka na ukapiga honi!"

Wade akaacha kikapu chake sakafuni na kutoka nje. Marlys alikwenda hadi garini kwake, akafunga milango, akalia.

"Usiandike kwamba nililia kwa huzuni," ananionya. "Nililia kwa hasira. Yule mtu alikuwa anataka nibebe kile ambacho gari lake halikuweza kubeba."

Kibanda alikifungua miezi michache baadaye, kwenye kipande cha ardhi alichoachiwa na baba yake. Anapata chini ya nusu ya alichokuwa akilipwa yadini. Ushauri hautozi. Mtu akija na swali, humwuliza kwanza nani wanapanda, kisha trela likijaa lina uzito gani, na mwisho humwambia asome mwenyewe kibandiko kwa sauti. Asiyeamini humpeleka kwenye mizani ya malori iliyo kwenye kituo cha mafuta.

Wengi huondoka wamenuna. Mmoja aliwahi kumtupia kopo la soda. Mwingine alimwambia kwamba mwanamke hawezi kumfundisha kuhusu gari lake, naye akamjibu, "Sawa baba, basi fundishwa na mtaro."

Machi iliyopita, gari la teksi lilisimama mbele ya kibanda. Akashuka mwanamke mwembamba mwenye mkongojo, akatembea taratibu juu ya changarawe akikataa kushikwa mkono. Alikuwa Renae Pruett.

"Mama, nataka pikapu," alisema.

"Ya kazi gani?"

"Ya kuvuta trela. Nitaendesha mwenyewe."

Marlys alidhani amesikia vibaya. Akamvutia kiti.

Renae alimweleza kwamba mumewe hataki hata kusikia neno trela likitajwa. Wasichana wake, hasa mdogo, wanatetemeka kila lori linapowapita barabarani. Kiangazi kizima cha mwaka uliopita walikaa ndani, mapazia yamefungwa.

"Lile trela lilininyang'anya nyonga," alisema Renae. "Sitaliachia linyang'anye na kiangazi cha wanangu. Tena nikwambie ukweli, mama? Nina hasira. Siku ile nilijua unasema kweli. Nilijua, nikaambiwa panda gari, nikapanda."

"Mwanangu," Marlys akamwambia, "hasira unayo. Sasa twende tukaitafutie gari."

Walizunguka yadi za magari yaliyotumika siku nzima. Wa kwanza aliwaonyesha pikapu ya robo tatu tani, injini ya dizeli, paa la kioo, viti vinavyopashwa moto. Renae alikaa humo, akatabasamu. Marlys akasoma kibandiko na kuufunga mlango kwa nguvu.

"Shuka. Hilo limejaa mapambo. Mapambo yana uzito, na injini hiyo nayo ina uzito, na vyote vinakula nafasi yenu. Ukishaweka familia na ulimi wa trela, inayobaki ni ya sanduku la barafu tu."

Wa pili aliwapeleka kwenye dude la tani moja lenye magurudumu manne nyuma. "Kwa shemeji aliyepata ajali," alisema muuzaji, "usalama kwanza. Kubwa kabisa."

Marlys alimgeukia kama nyigu. "Unamuuzia hofu yake mwenyewe! Huyu ana trela la watu wanne, si la kubeba ng'ombe. Akiendesha hilo kwenda dukani kila siku na nyonga hii, kupanda tu kutamuua. Gari kubwa mno ni kosa lile lile, limegeuzwa tu."

Jioni, nyuma ya yadi ndogo, waliipata. Pikapu nyeupe ya robo tatu tani, ya zamani kidogo, iliyokuwa ya shirika la umeme. Viti vya kitambaa. Injini ya petroli. Kibandiko kilisema kilo elfu moja na mia tatu. Renae alikisoma kwa sauti mara mbili, kisha akapanda bila mkongojo, akishika mpini wa mlangoni.

Trela walichukua dogo, jepesi kuliko lile la kwanza kwa tani nzima. Marlys alifunga ndoano mwenyewe, akafunga na kifaa cha breki za trela, akamfundisha Renae namna ya kukibana kwa mkono trela likianza kuyumba, badala ya kukanyaga breki ya gari.

Jumamosi moja walikwenda kwenye mizani ya malori kupima gari likiwa limejaa, wasichana wamekaa nyuma, maji ndani ya tangi, kila kitu. Walipokuwa wanangoja zamu yao, Wade alitokea kwa miguu kutoka upande wa barabara, uso umemwiva.

"Renae, shuka."

"Sishuki."

"Nimesema shuka! Na watoto washuke!"

"Safari ile ulisema panda, nikapanda." Renae hakupandisha sauti. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani. "Leo unasema shuka. Hapana, Wade. Leo mimi ndiye dereva."

Wade alimgeukia Marlys, ambaye alikuwa amesimama kando ya mizani akiwa amekunja mikono. Marlys anasema alijitayarisha kwa ngumi. Alikuwa hata ameshachagua la kumjibu.

"Inabaki kiasi gani?" Wade akauliza.

"Nini?"

"Ya kubeba. Ukishatoa kila kitu. Inabaki kiasi gani?"

"Zaidi ya kilo mia sita."

Wade alilitazama gari. Mkia wake ulikuwa umelala sawa, haukuinama. Msichana mdogo alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha nyuma akimwangalia.

"Na mimi nikiwemo?"

"Umeshahesabiwa, mpumbavu wewe," Marlys akasema. "Mkeo alikuweka tangu siku ya kwanza."

Wade akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akakaa kati ya binti zake. Renae akaliingiza gari kwenye mizani.

Walikwenda bwawani na kurudi. Upepo uliwapiga. Renae alikata mwendo, akabana breki za trela kwa mkono, akaendelea. Wasichana sasa wanagombania nani alale kitanda cha dirishani.

Marlys hajatulia. Mwezi ujao atasimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo huko Cheyenne, mji mkuu wake, pamoja na Renae, kuomba sheria ya kumlazimisha muuzaji wa trela kumwonyesha mnunuzi kibandiko cha gari lake kabla ya kupokea fedha. Wenye yadi watakuwepo kupinga, na anajua wana mawakili.

"Mimi sina wakili. Nina mdomo," anasema.

Wakati huohuo anajenga mizani yake mwenyewe kando ya kibanda, ya bure, kwa yeyote aendaye bwawani. Anayechomelea fremu yake ni Wade Pruett, kila Jumapili baada ya ibada. Nilipouliza kama wamesameheana, Marlys aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kama upepo umewahi kukoma Wyoming.

"Tunagombana kutwa. Juzi kaondoka na vifaa vyake amekasirika, leo karudi. Lakini anachomelea vizuri, siwezi kusema uongo."

Mizani itakuwa tayari kabla ya wikiendi ndefu ya mwisho wa Mei, matrela yanapoanza kumiminika. Je, kama sheria haipo, atamlazimishaje mtu apime?

"Barabara ya bwawani ni nyembamba hapa," anasema, akiunyoosha mkono wake mpana kuelekea lami. "Nikiona mkia umeinama, nitasimama katikati. Wapige honi mpaka wachoke."